Mama alikuwa akisoma kwa ghaibu

Ilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Nilitoka kazini nikapitia Temeke kwa mama, kama kawaida yangu. Nilimkuta mkekani, taa inawaka, msahafu uko juu ya marfaa, anasoma Yasini. Sikumkatiza. Nilikaa pembeni nikangoja amalize, na kwa kuwa na mimi nilikaa madrasa miaka mingi, macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye ukurasa. Ulikuwa ukurasa wa Suratul Kahf, sura nyingine kabisa. Mama anasoma Yasini, madda, ile mivuto ya sauti, mahali pake, hakosei hata herufi moja, na kila baada ya muda analamba kidole na kufunua ukurasa mwingine wa Kahf, kama mtu anayefuatisha.

Alipomaliza nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Nani, wewe?"

Sikusema kitu. Niliporudi kwangu Tabata nilijiambia kwamba wazee wengi wameihifadhi Yasini, na kwamba huenda ni upepo tu ulifunua kurasa. Nilijiambia hayo huku nikijua. Ilipita miezi saba kabla sijafungua mdomo. Miezi hiyo saba ndiyo inayonifanya niandike, maana najua wako wengi ambao leo hii wamekaa na baba au mama anayesoma kwa ghaibu, nao wanausingizia upepo.

Kwetu sisi kutoona hakukuwahi kuitwa kutoona. Kulipewa majina mengine.

La kwanza lilikuwa maringo. Mama ni mtu wa salamu. Kutoka nyumbani hadi soko la Temeke Stereo ilikuwa safari ndefu kwa sababu ya salamu, si kwa sababu ya umbali. Akaanza kupita watu bila neno. Jirani mmoja alimwambia dada yangu waziwazi: "Mama yenu siku hizi anaringa, tangu mmemjengea ukuta." Dada alikasirika, mimi nikamtetea jirani. Hakuna aliyegundua kwamba waliomwamkia kwa sauti aliwaitikia vizuri tu. Walionuna ni wale waliompungia mkono, au waliotabasamu wakangoja atabasamu.

La pili lilikuwa kudeka. Mwanamke aliyetufundisha kupeta na kuchambua mchele, asiyeruhusu hata chuya moja ipite, akaanza kupika wali wenye mawe. Mjukuu wake alipovunjika kipande cha jino, mama akamkabidhi ungo: "Chambua wewe, mimi mgongo unaniuma." Ukawa mgongo. Tukamnunulia dawa ya kuchua. Shughuli za usiku akaziacha, hata harusi ya binti wa ndugu yake kule Mbagala. Alisema anaogopa baridi, na ilikuwa Februari, na hakuna kati yetu aliyeuliza zaidi. Baadaye ndipo aliponieleza: taa za magari zilikuwa zikimpasukia machoni kama moto, na baada ya gari kupita haoni tena mtaro uko wapi. Miguu yake ilikuwa imejaa makovu chini ya magoti. Makovu hayo nilikuwa nikiyaona kila wiki.

La tatu ni zito kuyapita yote. Mama alikuwa kijumbe, mtunza fedha za mchezo wa kupeana kwa zamu. Wanawake 15 wa mtaani walicheza mchezo kwake kwa miaka mingi, kila mmoja 10,000 kwa wiki, na hakuna siku fedha ilipungua. Ikaanza kupungua. Wiki moja 8,000, wiki nyingine 16,000. Noti ya 10,000 ni nyekundu na ya 2,000 ina rangi ya udongo. Kwake zote mbili zilikuwa zimefifia zikawa kitu kimoja, na fedha ya mchezo ilikaa kwenye pindo lile lile la khanga alimotoa fedha ya maji na mkaa. Akimpa kijana wa maji nyekundu akidhani ni ile nyingine, zimekwenda 8,000 hivi hivi. Kwa miezi alikuwa akilipia pengo kwa akiba yake mwenyewe, kimya kimya. Akiba ilipokwisha, wenzake wakaanza kunong'ona. Mwisho walimtoa kwenye ukijumbe. Hawakumwita mwizi mbele yake, ila alilisikia neno lenyewe likisemwa upande wa pili wa ukuta ule ule tuliomjengea.

Nimemuuliza mara nyingi kwa nini alikubali kuitwa mwizi kuliko kusema haoni. Jibu lake halibadiliki. "Mwizi anaweza kutubu, mwanangu. Kipofu anakaa."

Ilinichukua muda kuuelewa woga huo. Mzee anayesema haoni anajua kitakachofuata: atanyang'anywa jiko, ataambiwa asitoke peke yake, watoto watakaa kikao cha nani amchukue, na yeye atahamishwa kama kabati. Kwa hiyo anaficha, na kuficha kunataka akili kubwa. Mama alihesabu hatua kutoka mlangoni hadi chooni. Alijua daladala kwa sauti ya konda, maana mistari ya rangi ubavuni ilikuwa imekwisha kumpotea. Simu akiipokea alinyamaza kwanza mpaka mwenzake ajitaje. Fedha za kwenye simu alizitoa kwa kumpa mtoto wa jirani simu pamoja na namba ya siri. Hili la namba ya siri naomba kila mwenye mzazi alitazame leo, sio kesho.

Nilijaribu kumshawishi kwa maneno nikashindwa. "Ni macho ya uzee," alisema. "Na nimeshaona ya kutosha." Alikuwa pia amesikia kwamba hospitali wanalitoa jicho, wanalisafisha kwenye bakuli, kisha wanalirudisha. Habari hiyo imezagaa mno, na si kweli. Jicho halitolewi mahali pake hata kidogo. Kumbe pia alikuwa na dawa ya matone aliyojinunulia duka la dawa bila cheti, ile inayoondoa wekundu na muwasho papo hapo. Baadhi ya dawa hizo zina steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, na zikitumiwa muda mrefu bila daktari huweza kupandisha presha ya jicho na hata kuleta mtoto wa jicho. Kichupa alikiweka chini ya mto.

Kilichofungua mambo hakikuwa hoja yangu. Jioni moja nilikuwa nimekaa naye sebuleni, na mwanangu alikuwa akicheza mchezo wa kuziba jicho moja na kusoma maandishi ya kalenda. Nikamwambia mama naye azibe. Akacheka, akaziba jicho la kulia, akaitazama saa ya ukutani kwa kukunja uso na kusema ni kama saa moja na nusu. Alikaribia. Nikamwambia sasa zibe la kushoto.

Akaliziba. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Wamekata?"

Umeme haukuwa umekatika. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake na feni inazunguka. Mwanangu akasema, "Bibi, taa si hiyo?" Mama akaondoa mkono, akaurudisha, akauondoa tena. Jicho lake la kulia lilikuwa limekufa na yeye mwenyewe hakujua, kwa sababu la kushoto lilikuwa likimbebea. Macho mawili hufidiana hivyo. Anayetazama kwa yote mawili maisha yake yote anaweza kupoteza moja asijue siku lilipoondoka. Ndiyo maana kuziba moja moja, kwa mtu yeyote wa umri wowote, ni jambo la dakika moja ambalo sitaacha kulisema.

Hospitali ya kwanza tuliyokwenda siitaji. Daktari alikuwa mtaalamu, sina shaka, lakini aliongea na mimi tu. "Anaona ukungu?" "Amewahi kuumia?" Mama amekaa katikati yetu, mikono juu ya mkoba. Alipotuambia turudi wiki ijayo, mama alisema mlangoni kwamba yeye harudi kwa mtu asiyemwona. Nilikubaliana naye. Tukaenda kwingine, na huko daktari kijana alianza kwa kusema, "Shikamoo bibi, naomba unisimulie macho yako yalianzaje." Mama alisimulia karibu nusu saa, mambo ambayo sisi watoto hatukuwahi kuyasikia.

Hapa Dar hatukosi pa kwenda. Muhimbili kuna idara ya macho, hospitali ya CCBRT pale Msasani inajulikana nchi nzima kwa kazi hiyo, na hospitali za rufaa za mkoa za Temeke, Amana na Mwananyamala zipo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inataka wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bila malipo, kwa hiyo ulizia utaratibu wa kitambulisho cha mzee serikali ya mtaa kabla ya kusema fedha hakuna. Na Alhamisi ya pili ya Oktoba ni Siku ya Afya ya Macho Duniani. Karibu na siku hiyo sikiliza redio, maana mara nyingi kunakuwa na upimaji wa bure.

Alipimwa kwa ubao wa herufi E zinazogeuka huku na huku, ambao hauhitaji mtu awe amesoma. Unaonyesha tu kwa mkono E imeelekea wapi. Akapimwa presha ya jicho. Akatiwa dawa ya kupanua mboni, na hapo nilikosea: sikujua kwamba dawa hiyo humwacha mtu na ukungu na mwanga mkali machoni kwa saa kadhaa. Nilimpandisha kwenye jua la saa saba bila hata kofia. Mwenye kumpeleka mzee achukue miwani ya jua au khanga ya kujifunika, na asimruhusu arudi peke yake.

Daktari alituambia kuna vitu viwili, na akasisitiza tusivichanganye.

Cha kwanza ni mtoto wa jicho, jicho la kushoto. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi safi kama kioo. Umri unavyokwenda huchafuka, huwa ya njano, kisha ya kahawia. Rangi zinafifia, taa za usiku zinachoma, na mtu anataka mwanga zaidi kila mwaka. Huo ndio ugonjwa unaoongoza kwa upofu duniani, na ndio unaotibika vizuri: lenzi iliyochafuka inatolewa, inawekwa ya bandia.

Cha pili ni presha ya macho, ambayo wataalamu wanaiita glakoma. Hiyo ndiyo iliyochukua jicho la kulia na kuanza kulinyemelea la kushoto. Maji ya ndani ya jicho hayatoki vizuri, mgandamizo unapanda, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa taratibu. Mara nyingi hauumi. Unaanza kula pembeni, kwa hiyo mtu anagonga mlango na kujikwaa kwenye kigoda huku akiendelea kukutazama usoni. Presha ya kawaida ya jicho ni kati ya 10 na 21. Jicho la kulia la mama lilikuwa 38. Kilichokwisha kufa hakirudi, kwa upasuaji wala kwa dawa. Mama akauliza mara mbili, na mara zote mbili daktari akamjibu bila kumzungusha. Namshukuru kwa hilo.

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe dada una umri gani?" Nikasema 43. Akasema glakoma hutembea kwenye damu, na sisi Waafrika inatupata zaidi na mapema zaidi. Mtoto au ndugu wa mgonjwa akishapita miaka 40 asingoje dalili, kwa sababu dalili ikija kitu kimeshaondoka.

Hapo nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama, wa Kisarawe. Nilimjua akiwa kipofu tayari. Alikuwa akisema anaona watoto wadogo wamevaa nguo nyeupe wakicheza uani, hawasemi, hawamgusi. Ukoo mzima ulisema ni majini. Alipungwa, akachinjiwa mbuzi, na mwisho akaacha kuwataja hao watoto, ambayo ilihesabiwa kuwa amepona. Nilimsimulia daktari, kwa aibu kidogo. Hakushangaa. Alisema ubongo uliozoea kupokea picha ukikosa picha hujitengenezea zake. Mtu anaona watu, maua, vitambaa vyenye nakshi, akili yake ikiwa timamu kabisa. Kuna mwanazuoni wa Uswisi, Charles Bonnet, aliyeyaandika hayo mwaka 1760 baada ya kumsikiliza babu yake aliyepoteza macho, na hali hiyo inaitwa kwa jina lake. Kwetu Kisarawe, zaidi ya miaka 200 baadaye, tulimnyamazisha bibi kwa mbuzi. Siwezi kukisema hicho bila koo kunikaba. Na ziko sehemu za nchi yetu ambako ni mabaya zaidi, ambako bibi kizee mwenye macho mekundu, aliyeyapata kwa moshi wa jiko miaka yote, ameuawa kwa kuitwa mchawi.

Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto wiki chache baadaye. Ganzi ilichomwa pembeni ya jicho, hakulala usingizi wa dawa, na muda wa kunywa chai ya pili nilikuwa sijamaliza walipomtoa. Kesho yake waliondoa bandeji. Alitazama mikono yake kwanza, pande zote mbili. Kisha akaitazama khanga aliyoivaa na kuuliza nani amembadilishia. Khanga hiyo ameivaa miaka mitano akijua ni nyeusi. Ni ya bluu. Lenzi ya njano huimeza bluu kwanza, ndiyo maana wengi waliofanyiwa upasuaji huishangaa rangi hiyo kuliko zote.

Masharti yalimsumbua kuliko maumivu. Asiiname, asibebe kitu kizito, maji yasiingie jichoni. Sasa mtu wa swala tano atawadheje, asujuduje? Muuguzi alisema asiiname tu, basi. Aliyemtuliza ni ustadhi wa msikiti wa karibu: aswali amekaa kitini kwa kuashiria, na pale pa jicho apitishe mkono wenye unyevu bila kumwagia maji. Laiti hospitali zingewaeleza wazee wetu hivyo tangu mwanzo. Hapo ndipo masharti yanapovunjwa, si kwa ukaidi.

Ramadhani ilipoingia, tukagundua kwamba matone ya presha ya macho ameyaacha mchana. Matone hayo ni ya maisha, macho yote mawili, na kabla ya kuyaandika daktari alimuuliza kama ana pumu, maana baadhi yake humbana mwenye pumu. Nilirudi kwa ustadhi yule yule. Akasema katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi pwani hii, kitu kinachotiwa jichoni hakifunguzi hata mtu akihisi ladha yake kooni. Mama akataka alisikie mwenyewe. Nikampigia simu, akalisikia, akatia matone saa hiyo hiyo.

Nyumbani tumebadilisha vitu vidogo. Hatuhamishi samani bila kumwambia. Mlango uko wazi wote au umefungwa wote, kamwe si nusu, maana ukingo wa mlango ulio nusu ndio unaopasua paji la uso. Ukingo wa ngazi ya uani umepakwa rangi ya njano. Wali unapakuliwa kwenye sahani yenye rangi, chai kwenye kikombe cheupe. Vichupa viwili vya dawa vinatofautishwa kwa mpira wa kufungia noti. Noti zenyewe anazikunja: ya 10,000 mara mbili, ya 5,000 mara moja, ya 2,000 kwa pembe, ya 1,000 haikunjwi. Anasema pia zinatofautiana urefu ukizipima kwa vidole, na mimi katika miaka yangu yote sikuwahi kulijua hilo. Tukitembea hatumsukumi mgongoni. Yeye ndiye anayeshika kiwiko changu, na mimi natangulia nusu hatua. Tukiingia chumbani tunajitaja. Mwanangu anatamka jina lake lote, la ukoo na yote, na bibi yake anafurahi kila mara.

Jiko ni lake. Dada yangu alitaka tumkataze. Tulibishana sana, na bado kuna siku napata hofu nikifikiria moto na ule upande wa kulia asioona kitu. Lakini nimemwona akichambua mchele tena, uso karibu na ungo, na siwezi kumwondoa hapo.

Mimi nilipimwa. Presha yangu ya macho iko juu kidogo, mshipa uko salama, narudi kila baada ya miezi sita. Kaka yetu bado anasema hana muda.

Mwezi uliopita mama alituma watu waende kuwaita wenzake wa mchezo. Walikuja kumi na mmoja, wakakaa mkekani, na nilivyowaona nilijua wengine wamekuja kwa kuona haya. Mama hakuzunguka. Alisema, "Fedha zenu sikuiba. Nilikuwa sioni, na nikaona aibu kuwaambia." Akawaeleza noti, akawaeleza akiba yake, akawaeleza jicho lililokufa bila kuaga. Jirani yule wa maringo alilia waziwazi. Mama akamwacha alie.

Kisha akawaambia wazibe macho, moja moja, waitazame saa ya ukutani. Ikawa kelele na vicheko, kila mtu anataja saa yake. Mdogo wao kuliko wote, anayeuza chapati kituoni, hajafika hata miaka 50, aliziba la kushoto na hakutaja kitu. Akalifikicha la kulia kwa ncha ya khanga.

"Ngojeni," alisema. "Ngojeni kwanza."